Kidonge cha Asubuhi

Mara ya kwanza mama yangu alianguka kanisani. Walikuwa wamesimama wakiomba tangu asubuhi, matumbo matupu, maana kikundi chao cha maombi kinaamini Mungu hamsikii mtu aliyekunywa uji. Nikamwona anayumba, halafu sikumwona tena.

Nilikuwa benchi la nyuma. Kabla sijamfikia, wamama wawili wa kikundi walishamkamata makwapani na kumsimamisha wima. Kwetu huku Masisi mtu aliyeanguka halazwi, anayelazwa ni maiti. Basi kichwa kinaning'inia, miguu inaburuta, mikono imeanza kumtetemeka, na wao wanamshikilia tu. Wa tatu akamsugua kitunguu puani. Kiongozi wao, mama mmoja mwenye sauti ya kuitia ng'ombe kilimani, alipoona ile mikono akatangaza kwamba ni pepo.

Niliwadharau wote, na sikuficha. Hao wamama kusoma hawajasoma, lakini kujua wanajua yote. Ukipotelewa na mbuzi ni pepo, maharage yakioza ni pepo. Nikasema mbele ya kanisa zima, kwa sauti ile ninayotumia darasani, "Mama iko na tension. Muache ujinga."

Nilijuaje? Mkurugenzi wa shule yetu ana tension, presha ya kupanda, na aliwahi kuanguka uwanjani mbele ya wanafunzi. Mama naye ameanguka. Hesabu yenyewe ilikuwa hiyo tu, fupi na safi. Sikupima kitu. Nilikuwa na diploma ya serikali, nami nikaona inatosha.

Siku ya soko nikashuka Sake, kwenye kaduka ka dawa karibu na njia panda. Muuzaji hakuniuliza kitu zaidi ya umri wa mgonjwa. Nikamtajia vidonge anavyomeza mkurugenzi, akanipa. Nikarudi nyumbani nikampangia mama: kidonge kimoja kila asubuhi, na chumvi asiiguse tena.

Mama alinitii. Mimi ndiye mtoto wake pekee aliyebaki, na alinisomesha kwa maharage ya mlima wake. Alishanigeuzia jina, akaniita Madamu kama wanafunzi wangu wanavyoniita, kwa kunitania, ingawa najua kulikuwa na fahari ndani yake. Kila asubuhi alisimama mlangoni kwangu na kikombe cha maji. "Madamu, nimekuja kumeza." Nampa, anameza, anaenda shambani. Jioni anakula maharage niliyoyapika bila chumvi, anatafuna polepole, ananiambia, "Haya maharage inaonja udongo." Nikamwambia chumvi ni sumu. Akamaliza sahani.

Kumbe kuanguka kukaongezeka. Alianguka akiinuka kutoka kupalilia. Alianguka akishuka mlima na kitunga mgongoni, kamba ikiwa kwenye paji la uso, maharage yakatawanyika njia nzima hadi kwa jirani. Na kila alipoanguka nilisema, unaona, tension yake ni kali. Nikapandisha dawa ikawa vidonge viwili.

Hofu ilinijaa, siwezi kusema uongo. Nilikuwa nikisahihisha madaftari mara naacha kalamu, nasikiliza kama nasikia hatua zake nje. Niliogopa atakufa mahali ambapo sipo. Lakini hofu yangu niliigeuza kuwa hasira, na hasira niliipeleka kwa wale wamama, waliokuwa wakija kila Alhamisi kumwombea huku macho yao yanapima sufuria zetu.

Halafu akaangukia moto. Alikuwa amechuchumaa akipuliza jiko, akasimama kuchukua mwiko, akaenda chini, mkono wa kulia ukalala kwenye mafiga. Nilimvuta nikipiga kelele. Wamama wakaja mbio, na bila aibu wakamsimamisha wima tena, mtu ambaye ngozi ya mkono inabambuka. Nikawatukana. Kiongozi wao hakunijibu matusi. Alisema tu, "Madamu, sisi tumeomba, tumefika mwisho yetu. Umupeleke kwa muganga wa kituo ya afya, wamupime." Mimi, kufundishwa na yule! Nilimgeuzia mgongo. Lakini mkono ulikuwa umeungua, nao haukungoja kiburi changu, nikampeleka mama kituo cha afya.

Muuguzi alikuwa mzee mkavu, asiyecheka. Akafunga mkono kwanza, halafu akamuuliza mama alivyoanguka.

"Nilisimama, Papa. Macho ikaingia giza, masikio ikalia, njo nikakuwa chini."

"Na kuamka? Ulichelewa kujua watu?"

"Hapana. Nilimuona Madamu, nikamujua palepale."

"Basi haifanane na kifafa," akasema. Akamlaza, akampima tension. Akamsimamisha, akampima tena, akakunja uso, akapima mara ya tatu. Kisha akatueleza, mimi na mama, kama anayewaeleza watoto. Kuzimia ni kichwa kukosa damu kwa kitambo kidogo. Mtu akisimama damu inashuka miguuni, na mwili unapaswa kuirudisha juu upesi. Usipoweza, anaanguka. Kwa nini hauwezi, hapo ndipo kazi ilipo: njaa, kukosa maji, kusimama muda mrefu, upungufu wa damu, moyo unaopiga vibaya, au dawa.

"Na akianguka," akasema, "mumulaze chini, muinue miguu. Kulala njo kunarudisha damu ku kichwa. Ukimusimamisha unamunyima damu mara ya pili, hata mikono itatetemeka."

Nilifurahi. Nasema wazi, nilifurahi kabisa. Niliwaona wale wamama wa kanisani mbele ya macho yangu, kila mmoja na kitunguu chake, na nikaanza kupanga maneno nitakayowaambia Jumapili.

"Mama, unakunywaka dawa gani?" muuguzi akauliza.

Mama akafungua fundo la kitenge chake, akatoa pakiti. Alitembea nayo, sikuwa najua. Muuguzi akaisoma, akamtazama.

"Hii ni ya kushusha tension. Yako iko chini tayari, ukisimama inaporomoka. Na chumvi?"

"Sikulaka chumvi."

"Nani alikupatia hii? Nani alikukataza chumvi?"

Nilifungua mdomo. Mama hakunitazama hata kidogo.

"Ni mi mwenyewe, Papa," akasema. "Nilisikia mama moja mu maombi anaitumia, njo nami nikatuma waniletee."

Muuguzi akaitupa pakiti mezani. Akamkaripia kama mtoto aliyevunja chungu: kwamba wazee wa milimani ni wabishi, kwamba mtu asiyejua kusoma anabugia dawa asiyoijua, kwamba alikaribia kufa motoni kwa ujinga wake mwenyewe. Mama aliinamisha kichwa, mkono uliofungwa ukiwa mapajani, akasema ndiyo Papa, ndiyo Papa. Kisha muuguzi akanigeukia, mimi niliyesoma, akaniomba nimwangalie vizuri huyu mama.

Nami nikaitikia kwa kichwa, nikamwambia kwamba nitamwangalia.