Sukari Niliyoipa Jina Lisilo Lake

Iko asubuhi moja ya Bukavu ambayo naikumbuka mpaka harufu ya chaki, mwanangu. Jana uliniuliza mbele ya wageni kwa nini nilichelewa mwaka mzima kupata diplome yangu. Wageni walicheka. Mimi sikuona haya jana, na leo sioni, kwa hiyo kaa nikueleze.

Nilikuwa wa kwanza katika familia yetu, ya mji huu wa Baraka kwetu Fizi, kufika université kule Bukavu. Nilichagua kusoma bakteria wa kwenye maji ya muhogo, muhogo ule mama yangu aliokuwa akiuloweka kule Kilembwe mpaka ulainike. Nilitaka kujua wanaingizaje sukari mwilini mwao. Sukari haijiingizi yenyewe. Kuna protini za kuibeba, na zinafanya kazi kwa pamoja. Moja inaikamata nje, nyingine zinafungua njia, nyingine inatoa nguvu. Kila protini ni mnyororo mrefu, na viungo vyake tunaviandika kwa herufi. Maabara moja ya ng'ambo ilitusomea herufi za bakteria wetu. Kazi yangu ilikuwa kuzipanga chini ya herufi za protini ambazo watu wamekwisha kuzijua, nitazame zinalingana wapi, kisha niseme bakteria huyu anabeba sukari gani.

Nikachukua mnyororo mmoja, nikauingiza kwenye kompyuta, ikaniletea orodha ya protini zinazofanana nao. Juu kabisa paliandikwa glukosi. Nikaandika glukosi, nikafunga kitabu changu cha utafiti. Nilikuwa na haraka na kiburi, na nilikwisha kuchoka kulala sebuleni kwa shangazi. Kosa lilikuwa langu, sitaisingizia kompyuta.

Aliyeligundua ni Papa Wilondja, mtayarishaji wa maabara, mtu wa kabila la Wabembe, wa kwetu Fizi. Alikuwa akiosha chupa na kupika chakula cha bakteria tangu mimi sijazaliwa. Hakusoma sana shuleni, lakini kila karatasi iliyopita mezani kwake aliisoma. Siku tatu kabla ya kutetea kazi yangu mbele ya jury, wale walimu wa kunihoji, alivaa miwani, akakifungua kitabu changu.

"We mutoto ya Baraka," akaniita, "hii protini umeandika ya glukosi, kazi yake iko nini?"

"Inabeba glukosi, papa."

"Hapana. Hii ni ile inatoa nguvu. Za kutoa nguvu zinafanana sana, hata kama sukari iko ingine. Ile inakamata sukari iko wapi? Uliilinganisha?"

Nikapekua kurasa zangu; haikuwemo.

"Umesoma jina, haukusoma herufi. Bamama ba kwetu banaloweka muhogo, we unaenda kudanganya bantu juu ya muhogo yabo?"

Nilitoka mle ndani nikiwa na hasira, na nakiri nililia kidogo kwenye ngazi. Kesho yake asubuhi nilirudi. Nikaitafuta ile protini inayokamata sukari, nikaipanga herufi kwa herufi. Na zile za glukosi ililingana vipande viwili vitatu tu, mahali pengine pote patupu. Nikaipanga na zile za maltosi, sukari inayopatikana wanga unapovunjwa. Zikaenda pamoja tangu mwanzo mpaka mwisho. Hata protini iliyoandikwa jirani yake ilikuwa ya kuvunja maltosi.

Nikamkimbilia profesa aliyenisimamia. Alisikiliza huku akitia sahihi karatasi nyingine.

"Jury wamekwisha kupewa vitabu," akasema. "Acha hivyo. Nani kule Fizi atajua tofauti?"

Mwanangu, mpaka leo neno lile linanichoma.

"Mimi nitajua, profesa," nikamjibu. "Na mimi niko wa Fizi."

Siku ya kutetea nilisimama mbele yao wote. Kabla hawajaniuliza swali hata moja nikasema: sura ya tatu ina kosa, kosa ni langu, na huu hapa ndio ulinganisho ulio sahihi. Profesa wangu alitazama dirisha. Walinitoa nje, wakajadiliana, wakaniita: nirudi mwaka ujao.

Nikarudi Baraka. Sokoni walisema nimeshindwa masomo, kanisani waliniombea kama mgonjwa. Mama yangu aliniuliza jambo moja tu: "Ulisema kweli?" Nikamwambia ndiyo. Akanipa kisu nimenye muhogo.

Mwaka uliofuata nilianza upya. Papa Wilondja alinipikia chakula cha maltosi, na bakteria wetu wakakua vizuri. Hilo peke yake halikuthibitisha kila kitu, nami niliandika wazi kwamba halikuthibitisha. Nikapata diplome. Profesa hakunipa mkono, na sikuuomba. Leo nafundisha hapa Baraka, watoto wa mji na watoto wa kambi ya wakimbizi ya Lusenda kwenye benchi moja, na hakuna hata mmoja anayetoka darasani kwangu bila kupanga herufi kwa mkono wake.

Wiki ijayo unaanza kazi maabara, na mashine yako itakupa majina haraka kuliko yangu. Usiandike jina kwa sababu liko juu ya orodha. Tazama kinacholingana ni kipande gani, kina kazi gani, na kinalingana kwa urefu gani. Ukikosea, sema wewe kabla hujasemewa, hata kama watakurudisha nyuma mwaka. Na atakayekuambia kwamba watu wa kwetu hawatajua tofauti, usimwinamie, awe na cheo gani.

Mungu akupe macho ya kuona kosa lako mapema, na mgongo usiopinda ukishaliona. Akuzungushie watu watakaokukemea kwa upendo, na jina lako likitajwa Fizi yote, litajwe pamoja na kweli. Amina, mwanangu. Nenda.