Saa ya kilemba iliyomkataa baba: mnaopunguza unene wa saa za kopi, piteni hapa

Wakuu, wengi humu ni wajukuu zangu, basi shikamoo zenu nimezipokea. Marahaba.

Hili sikusimuliwa, wallahi. Lilinikuta mwenyewe Bagamoyo, enzi za Mwingereza, nikiwa mwari nasubiri kuolewa.

Nimeona mnavyotoana macho kwenye ule uzi wa saa feki. Eti kopi ni nene kuliko original, eti mfuniko upunguzwe. Mnadhani mmeanza nyie?

Mchumba wangu Salehe alikuwa utingo wa lori la Chalinze. Baba hakutaka pesa ya kilemba, ile haki ya baba wa bibi harusi. Alitaka saa ya mkono tu, ajue wakati wa swala mawingu yakitanda. Salehe akaileta, nyembamba, inang'aa kama ya tajiri wake mwenye lori.

Baba akaivaa. Ikasimama.

Akaivua atawadhe, ikatembea. Akaivaa, ikasimama tena. Jamani!

Mama akaivaa, inatembea. Mimi, inatembea. Jirani yetu Bi Mwanaidi naye akajaribu, tik tik tik. Ikirudi kwa baba, kimya.

Bi Mwanaidi na mdomo wake huo akasema, "Mtu siku zake zikikaribia, saa huwa inajua."

Mnacheka? Baba hakucheka. Alianza kupita nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Akaniita na mimi: "Mwanangu, niwie radhi kama nilikukosea." Nililia siku hiyo, acheni tu.

Kisha akamwambia mshenga, "Huyu kijana kanifunga kifo mkononi. Harusi hakuna. Saa yake irudi."

Nikachanganyikiwa. Salehe ni mchawi? Baba anakufa kweli? Mbona muhogo wa nazi anamaliza bakuli zima?

Nikapewa saa niifunge kwenye kitambaa, mshenga aje kuichukua. Kwa uchungu nikaivaa mara ya mwisho. Baba alikuwa akikaza mkanda mpaka nyama inatuna, asije akaiangusha. Nikaukaza hadi tundu lake lile lile.

Ikasimama mkononi mwangu!

Nikalegeza, tik tik. Nikakaza, kimya. Nikaigeuza, nikabonyeza mfuniko wa nyuma kwa dole gumba. Ukabonyea kama kopo. Nilipiga yowe, mama akadhani nyoka.

Salehe akaitwa, akaeleza yote. Kumbe saa ilikuwa ya bandia, tena nene. Aliona aibu watu wasije wakamcheka baba msikitini. Akaipeleka kwa fundi, fundi akapima unene wake na wa ile ya tajiri, kisha akapiga tupa mfuniko mpaka zikalingana. Bati likabaki jepesi mno. Mkono ukilikandamiza, linagusa magurudumu ya ndani.

Nikasema moyoni, basi, kwisha habari yangu. Feki tena!

Baba alimtazama weee. Akasema, "Salehe, mimi niliomba saa. Nani alikuuliza unene?"

Halafu akaanza kucheka mpaka akakaa chini, akamwita mama. "Kumbe sifi! Mama Zuhura, kumbe sifi!"

Fundi akatia mfuniko mwingine, mnene kuliko hata ule wa kwanza. Saa ikawa kama mkate wa kumimina. Baba aliivaa kwenye harusi yangu, kakunja mkono wa kanzu makusudi kila mtu aione.

Ila kuna jambo mpaka leo silielewi vizuri. Alipokuja kuugua kweli, miaka mingi baadaye, tulimwambia aombe radhi kwa watu. Akakataa. Akasema alishaomba yote wakati wa saa, na tangu siku ile amekuwa akijichunga asiharibu.

Basi wajukuu, kabla hujapunguza mfuniko, ivae kwanza na ukaze mkanda. Na ukimpelekea mtu zawadi, mpe alichoomba.

Mwenye neno aandike, nasoma yote. Ila aanze na shikamoo.