Ufa kwenye Tabliye ya Yolande

Yolande alikuwa ameapa kwamba safari hii hatamwambia mtu. Mimba ya kwanza aliitangaza mapema, majirani wa mtaa wa Kadutu wakamwimbia, ikatoka. Ya pili alimwambia mama mkwe peke yake, nayo ikatoka. Hii ya tatu aliijua yeye, mume wake Ezéchiel, na Mungu. Tumbo litajisemea lenyewe, alisema, siku litakapochoka kujificha.

Shida ilikuwa kazi. Yolande alikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji katika hospitali ndogo upande wa Nguba, na tangu vita viingie mjini, waliopigwa risasi walikuwa hawaishi mlangoni. Kuunga mifupa yao kulihitaji ampli, ile mashine ya mionzi yenye mkono uliopinda kama mundu, inayoonyesha mfupa kwenye skrini daktari akiwa kazini. Daktari Évariste anakanyaga pedali, mashine inalia, mfupa unatokea. Na lazima mtu auvute mguu wa mgonjwa, mfupa usiteleze. Mtu huyo alikuwa Yolande. Wenzake wenye mabega ya kuvuta walikuwa wamekimbilia Burundi.

Mionzi aliijua. Shuleni walimfundisha kwamba haiishii pale inapoelekezwa. Ikigonga mwili wa mgonjwa, mingine inaruka pembeni na kumfikia aliyesimama karibu. Basi kila siku alivaa tabliye, lile vazi zito lenye madini ya risasi ndani, akalikaza juu ya tumbo na kujiambia: nimejikinga.

Asubuhi moja Zagabe, fundi wa picha, alizikusanya tabliye zote na kuzipiga picha moja moja, kama anavyopiga mbavu za watu. Iliyo nzima hutokea nyeupe tupu. Ya Yolande ilitokea na michirizi myeusi, mirefu, imekatiza katikati.

"Ona, maman Yolande," Zagabe alisema. "Ilishapasuka. Batu banaikunja na kuitupa ku kiti, badala ya kuitundika. Hapa ku tumbo haiko nakulinda tena."

"Tangu lini?"

"Nani atajua? Siku mingi hatukuipima."

Yolande alishika ukingo wa meza. "Na zile badge zetu za kupima mionzi? Haziwezi kusema tulipata kiasi gani?"

"Zilienda Ulaya kusomwa. Ndege haishuki tena ku uwanja wa Kavumu. Zitarudi na njia gani?"

Hapo hapo Yolande aliitwa. Maman Georgette, muuza ndizi wa soko la Kadutu, alikuwa amelazwa mezani, paja limevunjwa na risasi, tayari amelala usingizi wa dawa. Tabliye zilizo nzima zilikuwa zimeshavaliwa na wengine. Yolande aliifunga ile ile yake. Kamba akaikaza haraka, kwa fundo baya tu.

Akaushika mguu, akavuta. Daktari akakanyaga pedali, na mguu wake haukutoka pale. Mashine ililia, ikalia. Yolande alilitazama paja la yule mama, akayaona ndani ya kichwa chake yale mambo yasiyoonekana yakiruka kutoka kwenye nyama, yakipenya kwenye ule ufa. Mikono ikamwachia yenyewe. Akarudi nyuma mpaka ukutani.

Kwenye skrini mfupa ukateleza.

"Unafanya nini?" Daktari Évariste alifoka. "Shika! Unataka kumuua?"

"Dokta, niko na mimba."

Daktari aliinua mguu kutoka kwenye pedali, na ule mlio ukakatika.

"Juu ya nini hukuniambia?"

"Mbili zilitoka kisha ya kuzisema." Machozi yalikuwa yanaingia ndani ya barakoa. "Niliogopa."

"Toka, dada yangu. Toka sasa hivi."

Wakaufunga mguu wa maman Georgette kwa mikanda kwenye meza. Zagabe akaubana mwanga wa mionzi ubaki juu ya mfupa tu, na daktari akawa anakanyaga kidogo na kuachia, anafanya kazi akiitazama picha iliyobaki kwenye skrini. Ilichukua muda mrefu, lakini chuma cha kuushika mfupa kiliingia. Yolande, aliyekaa sakafuni kwenye korido, aliisikia milio ile mifupi ikipishana na kimya, akafahamu kwamba hata zamani ingewezekana hivyo, bila yeye kuvuta. Akauma kitambaa cha kichwani asilie kwa sauti.

Alihamishiwa chumba cha kufunga vidonda. Aliomba, alilala miguu juu, aliacha kupanda vilima vya Kadutu kwa mguu. Mvua za Novemba zilipozidi, mimba ikatoka.

Daktari Évariste alikuja nyumbani mwenyewe, akakaa kwenye kiti cha Ezéchiel, kofia mikononi.

"Sidhani ni mashine," alisema. "Mionzi ya namna ile kwa kawaida ni kidogo sana kwa kuleta hivi. Na zile mbili za kwanza hakukuwa na mashine."

"Unaweza kuapa, Dokta?"

Daktari aliigeuza kofia. Nje watu walikuwa wanashuka sokoni wakicheka. "Hapana," alisema mwishowe. "Bila zile badge, siwezi. Unisamehe."

Yolande alimsindikiza mpaka mlangoni. Angepewa wa kulaumiwa, angalau angelia upande mmoja. Sasa alilia huku na huku: juu ya ufa, juu ya mwili wake, juu ya mdomo wake ulionyamaza.

Alirudi chumba cha upasuaji kabla ya Noeli. Maman Georgette alikuwa ameanza kutembea na magongo, na waliopigwa risasi bado walikuwa wanaletwa. Ornella, muuguzi mgeni, alikuwa mlangoni anajivika tabliye haraka haraka. Yolande akamshika mkono, akamvuta pembeni.

"Mbele ya kuingia, uniambie mimi peke yangu. Uko na kitu ku tumbo?"

Ornella alicheka. Kisha akaacha kucheka.