Mabega Yaliyokataa Kushuka

Nilimuuguza mama hadi mwili wangu ukauzoea uzito wake. Nilimgeuza kitandani, nikamketisha, nikambeba kumpeleka kuoga. Tulikuwa wawili tu katika nyumba ile ya Songea. Alipofariki, matanga yakaisha, ndugu zangu wakarudi Madaba kuwahi mavuno, akina mama wa jumuiya nao wakapunguza kuja. Nikabaki na kitanda kitupu, na mabega yaliyopanda karibu na masikio yasitake kushuka.

Nilidhani ni baridi ya Juni. Nikajifunika vitenge, nikajichua dawa pale mkono ulipofika. Katikati ya mgongo haukufika, na hapakuwa na wa kumwomba. Siku niliposhindwa kuinua mkono kuanika shuka, nikaenda hospitali. Binti wa mazoezi ya viungo, mwenye sauti ya chini, alinibonyeza shingoni.

“Mama, unafanya kazi gani ya kunyanyua?”

“Kwa sasa hakuna,” nikamjibu.

Alinisaidia kupanda kitandani. Akanilaza chali, magoti nimeyakunja, akanifundisha kupumua hadi tumbo lipande, kuvuta mabega juu taratibu na kuyaachia, kugeuza kichwa huku na huku bila kulazimisha.

“Ukisikia maumivu, punguza,” alisema. “Hushindani na mtu.”

Nyumbani nilitandika mkeka chumbani kwa mama, kwa kuwa ndiko kulikokuwa na nafasi. Niliona aibu, mtu mzima kulala sakafuni mchana kweupe. Kila nilipoyaachia mabega yalirudi juu yenyewe, utadhani kuna mtu ananiita nikamgeuze.

Asubuhi moja, uso nimeuelekeza ukutani, kitu kililegea chini ya shingo. Joto likashuka hadi vidoleni, nikaanza kulia kwa sauti. Msibani sikuwa nimelia hivyo; nilikuwa na wageni wa kupikia.

Jirani yangu, mwanamke wa Tunduru anayeuza korosho, aliyepanga chumba nyumba ya pili, akaingia bila kupiga hodi.

“Dada! Umeanguka?”

“Sijaanguka. Nafanya mazoezi.”

“Mazoezi gani haya ya kulia?”

Nikacheka, machozi bado yanatoka. Akavua kandambili, akajilaza kando yangu na ushungi wake.

“Haya, nionyeshe. Na mimi kiuno kinanitesa.”

Tukapumua pamoja. Baada ya muda akauliza, “Mama alikuwa mzito?”

“Mwishoni alikuwa mwepesi sana. Ila nilikuwa naogopa kumwangusha.”

“Inna lillahi,” akasema polepole, tukaendelea kupumua.

Alikuwa akija karibu kila asubuhi. Msimu wa korosho ulipowadia, mwanawe akamwita Tunduru wakasaidiane, na chumba chake kikapata mpangaji mwingine, kijana anayetoka alfajiri na kurudi usiku.

Mabega yalishuka, kidogo kidogo. Siku hizi naanika nguo bila shida. Mkeka bado nautandika, navuta pumzi, nasikia wanafunzi wakipita barabarani wakibishana, halafu kimya. Sikutegemea mazoezi yaondoe kimya hicho, na hayajakiondoa.

Juzi jirani alinipigia simu.

“Dada, bado unalala sakafuni?”

“Bado.”

“Mimi huku nimeshindwa. Nikijinyoosha tu, wajukuu wananipanda tumboni.”

Niliwasikia wakipiga kelele nyuma yake. Alipokata, niliiweka simu kwenye mkeka, pale alipokuwa akijilaza.