Povu Jingi kwenye Koti la Baba

Nta ya mshumaa ikipitiwa na pasi ya makaa hutoa harufu ya kanisa na ya moshi kwa pamoja. Tulikaa Nyamasaria, karibu na barabara kuu, na mwaka niliokuwa darasa la sita mvua ya masika ilianza mapema, kwa fujo. Mama alifua makoti ya mvua ya watu wa bodaboda, akiwamo baba. Yalikuwa yale mazito ya turubai, mitumba ya soko la Kondele, ambayo yakizeeka huacha kuzuia maji na kuanza kuyanywa. Aliyapangusa tope kwa maji baridi na sabuni kidogo ya kipande, akayasuuza mara nne, maana sabuni ikibaki kwenye kitambaa huyaita maji. Yakikauka aliyapaka mshumaa mweupe, kwenye mishono mara mbili, kisha akapitisha pasi juu ya gazeti kuukuu hadi nta ikazama. Mwisho aliniita nimwage kikombe cha maji mgongoni mwa koti. Yakibingirika kama shanga, koti limepona. Yakiacha doa, tunaanza upya. Sikupenda kazi nyingine yoyote kama kumwaga kile kikombe.

Halafu akaja Waya. Ndivyo tunavyomwita shangazi kwa Kijaluo, dada ya baba. Alitoka Kombewa kututembelea akakaa mwezi mzima, na kwake nguo ambayo haikutoa povu haijafuliwa. Alisimama nyuma ya mama akicheka, akimwita kwa jina langu: "Mama Achieng, huku ni kufua ama ni kubembeleza?" Mama alicheka pia, akaendelea kusuuza. Jumamosi moja mama akaenda sokoni kununua mishumaa. Hata hajafika barabarani, Waya akalitoa koti la baba msumarini. Alikuwa amenunua sabuni ya unga na ile dawa ya kulainisha nguo yenye harufu ya maua. Akachemsha maji, akanipa brashi. "Sugua, mtoto wa kwetu. Baba yako ang'ae kama bwana harusi!" Nikasugua juu ya jiwe hadi vidole vikauma. Povu lilijaa beseni, na juu yake kukaelea vipande vidogo vyeupe. "Ona uchafu aliokuwa akivaa kaka yangu!" Nami nikaona uchafu. Nilijivuna, jamani. Jua lilikuwa kali siku hiyo, na kabla mama hajarudi jioni koti lilikuwa limekauka na kurudi msumarini, na Waya akaniambia tumwache ashtuke mwenyewe.

Jumatatu mvua ilimkuta baba mbali na nyumbani, na koti likainywa yote. Alirudi meno yakigongana, na kabla wiki haijaisha alikuwa amelazwa kwa nimonia. Wenzake wa steji ya bodaboda wakaja uani kuchukua makoti yao. "Mama Achieng, nikitaka kulowa si ningevaa shati tu?" mmoja akasema, wengine wakacheka, lakini makoti waliyachukua yote. Waya akasimama katikati yao: "Nilisema mimi! Nani aliwahi kuona mtu akivalishwa mishumaa?" Kisha akanitazama, mara moja tu. Kwetu mtoto hamsahihishi dada ya baba yake, tena mbele ya wanaume. Nikatazama miguu yangu. Mama alilichukua koti, akaliweka usoni kidogo, akalikunja. "Ni mimi," akasema. "Nilikosea nta." Baba alipona, lakini mama hakuletewa koti lingine. Aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, miaka yote iliyofuata, na kila harusi, kila matanga, kuna mtu alimtania kuhusu mishumaa yake, na mimi nipo pale nikipakua chakula, kimya, mtoto mwenye adabu.

Sasa nina binti wa miaka sita, Akinyi, na kazi ya makoti nimeianza mwenyewe, hapa hapa Nyamasaria. Lami imeongezeka na vijana wengi wanavaa makoti mepesi ya nailoni, ambayo siyapaki mshumaa, nayaosha tu polepole. Ila ya turubai bado yapo. Mwezi uliopita Waya alikuja. Mama alikuwepo, anamenya njugu, nami napiga koti pasi. Waya akakaa kwenye kiti changu, akachungulia beseni langu. "Povu liko wapi?" Akamgeukia Akinyi, akaanza kumsimulia jinsi bibi yake alivyokaribia kumuua babu kwa mishumaa. Mtoto akacheka. Hapo nikaiweka pasi chini.

"Hapana, Waya. Wewe ulinipa sabuni, mimi nikasugua. Ule weupe kwenye povu haukuwa uchafu. Ilikuwa nta, kazi ya mama."

"Unanijibu hivyo mbele ya mtoto?"

"Mbele yake hasa."

Mama hakuinua macho kutoka kwenye njugu. "Nilijua siku ile ile," akasema. "Lilinukia maua."

Miaka yote hiyo! Alijua, akabeba lawama, ili mimi nisichapwe na Waya asiaibike. Watu wanaiita heshima. Mimi nikifikiria yale makoti yaliyotolewa uani kwetu, nashindwa kuiita hivyo. Waya aliondoka bila kunywa chai. Mume wangu anasema nikaombe msamaha Kombewa. Siendi. Nimeshamwomba yule niliyemkosea, jioni ile ile, na yeye alinipa ganda la njugu nikatupe, kama vile nimemsumbua.

Akinyi ndiye anayemwaga kikombe siku hizi. Nimemwambia jambo moja tu: akiona doa, aseme doa, kwa sauti, hata kama koti nimelifua mimi. Jana alisema. Mteja alikuwa amesimama hapo hapo. Nikawasha makaa upya.