Shirika Walikuja Kufukuza Shetani mu Mboga Yangu

Watu walikuja kufukuza shetani kwangu, na minye ndiye niliyewapa viti.

Niko mjane, naishi kijijini Luvungi, naongoza rozari mu shirika yetu, ile jumuiya ndogo ya wakristo wa mtaa. Nyumbani nilikuwa na chumba kimoja kisichoona jua. Dirisha nilikuwa nimelipigilia mbao.

Maneno yakaanza. Mjane gani anafunga chumba mchana?

Kwetu mnajua. Mjane akishaitwa mchawi, hata salamu anakosa.

Kumbe ndani mulikuwa shikoni tu, ile saladi ya majani machungu ambayo Sista Noella wa parokia alinifundisha, na yeye ndiye ananinunulia. Unachimba mizizi shambani, unakata majani, unaisimamisha mu ndoo za mchanga, gizani. Inachipuka nyeupe. Ikiona mwanga inakuwa kijani, na uchungu wake unashinda kinini, ile dawa ya malaria.

Siku moja Papa Anastase, mkuu wa shirika, akasimama mlangoni na wenzake, na maji ya baraka mkononi.

"Mama Olive, fungua dirisha."

"Hapana, Papa. Hii kitu haipendi mwanga."

Nilipotamka tu, nikajua nimejimaliza.

Akawageukia wenzake. "Mumesikia? Haipendi mwanga. Na Yesu ni nani?"

"Ni mwanga," wakaitika.

Jirani yangu Generose akafunua ndoo. Akaona vichwa vyeupe vimechongoka, vimesongamana.

"Vidole vya wafu," akasema. Akatoka mbio, kandambili akaziacha.

Wakang'oa mbao. Anastase akaamuru dirisha likae wazi mpaka siku ya Mungu, Jumapili, ndipo atatangaza kama niko mchawi ao hapana.

Nikapiga magoti pamoja nao. Ningefanya nini?

Siku ya Mungu, misa ilipoisha, wakarudi. Shikoni zote zilikuwa kijani. Zimeharibika, hata Sista hawezi kuzipokea.

Anastase akainamia ndoo. Akavua kofia.

"Muujiza," akasema polepole. "Zimepata rangi ya uzima. Shetani ametoka."

Vigelegele. Generose akanikumbatia: "Dada, minye nilijua tu weye uko muzuri."

Wakanigeukia, wanangoja ushuhuda wangu. Nikapima. Nikisema ukweli, mboga haitarudi nyeupe, na minye nitarudi mchawi.

"Bwana asifiwe," nikasema. "Lakini chakula cha muujiza hakitupwi. Tukule."

Nikagawa. Nani angetema muujiza? Anastase alitafuna mpaka machozi yakamtoka.

"Iko namna gani, Papa?"

Akameza. "Iko tamu."

"Basi nikuongeze."

Wapendwa, watu wakija kukuombea bila kukuuliza kitu, usishindane nao. Itika amina, kisha uwape sahani.