Anayetuombea kwa Meneja

Kila mwaka bei ya televisheni ya kulipia ikipanda, Glenys wa Swansea hupiga simu kutishia kuhamia kampuni nyingine. Humpokea mhudumu yuleyule, mwenye sauti ya mtu aliyekuja msibani. Kwanza huguna. Kisha humuulizia paka wake. Halafu hunong'ona, "Ngoja nikakuombee kwa meneja, mama, ingawa leo kaamka vibaya," na muziki huanza. Meneja huyo, Glenys hajawahi kumsikia hata akikohoa.

Safari hii mhudumu alisahau kuweka muziki. Glenys akatega sikio: kijiko kikagonga kikombe, biskuti ikavunjwa, mtu akapiga mluzi peke yake. Kisha yule bwana akarudi akihema.

"Nimemng'ang'ania mpaka kalegea, mama! Nusu bei!"

"Pole, mwanangu. Hebu kamwombe tena. Mwambie amalize kwanza biskuti."